Samaki Mnene na Gitaa la Risasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi friji aliyekuwa pia mpiga solo. Wengi mlimjua kwa jina la Risasi. Jina hilo hakulipenda hata kidogo. Alipewa na mashine.

Risasi alizaliwa wa kwanza, akafuatiwa na mdogo wake, kinyozi. Mkubwa alipiga solo, mdogo alipiga besi. Nasema tena: mkubwa solo, mdogo besi. Dada yao ndiye aliyeimba.

"Kaka alikuwa na wivu tangu utotoni," dada anasema huku akicheka. "Mama akimsifia mdogo wetu kwamba amekula vizuri, kaka anaomba sahani ya pili."

Basi wakarekodi albamu, ikafika ng'ambo. Mwandishi wa gazeti la huko akaisikiliza, akaandika maoni yake. Siku habari zilipofika saluni kwa kinyozi, mteja mmoja akaifungua makala kwenye simu, akabonyeza itafsiriwe, akasoma kwa sauti huku ana povu nusu uso:

"Samaki ni mnene na mwenye joto. Anaogelea chini ya daraja, na ndoana inakushika shingoni usiondoke. Gitaa la risasi linakosa kila linaponyamaza."

Saluni nzima watu walivunjika mbavu. Kinyozi ilibidi aweke wembe chini. Wakajadiliana weee, mpaka wakang'amua kwamba samaki ni besi, maana katika lugha ile besi huandikwa sawa na jina la samaki fulani. Daraja ni kile kipande cha katikati ya wimbo, na ndoana ni kiitikio. Na gitaa la risasi ndilo solo, maana neno lao la kuongoza huandikwa sawa na lile la madini ya risasi; jina likamganda mpigaji.

Kila mtu alicheka isipokuwa mpiga solo. Mdogo wake kasifiwa mpaka samaki kanona. Yeye kapewa sentensi moja, na hiyo moja inasema anakosa.

"Nakosa nikinyamaza?" alifoka. "Mtu aliyenyamaza anakosaje? Bora wangesema nakosa nikipiga, ningeelewa!"

Kinyozi akaichapisha makala ile, akaibandika pembeni ya kioo. Hakuwa na nia mbaya. Lakini kaka mtu kila akikaa kunyolewa, anatazamana na samaki. Roho ikamuuma. Akahamia kwa kinyozi wa mtaa wa pili, mwenye mkono mzito, akawa anarudi nyumbani na kichwa chenye mabaka.

Mkewe anakumbuka: "Nikamwambia, baba watoto, rudi kwa mdogo wako, unatutia aibu. Akanijibu, heri mabaka kuliko samaki."

Jukwaani ndiyo usiseme. Risasi hakunyamaza tena. Alipiga solo juu ya mashairi, juu ya kiitikio, juu ya besi. Hata dada akivuta pumzi, yeye keshajaza. Siku moja harusini, wageni wakaanza kupiga kelele: "Samaki! Tunamtaka Samaki!" Risasi akachomoa waya wa gitaa, akaondoka. Kikundi kikafia hapo. Ndugu wa tumbo moja wakabaki kusalimiana misibani tu.

Wasikilizaji wapendwa, miaka ikaenda. Mapafu yakaanza kumsumbua. Binti yake, aliyekuwa akisomea lugha ile ya kigeni, akarudi likizo, akamkuta karakanani ameinamia friji iliyofunguliwa mgongo, bado ananung'unika habari za samaki. Binti akaitafuta makala, akaisoma mwenyewe bila mashine.

"Baba," akasema, "hawakusema unakosa. Wamesema kila solo inaponyamaza, msikilizaji anaikosa. Anatamani irudi."

Fundi akaketi juu ya ndoo. "Hebu soma tena."

Akasoma tena.

"Na yule wa samaki, wamesemaje?"

"Wamesema besi yake imejaa, ina joto."

"Imejaa tu?"

"Imejaa tu, baba."

"Basi sawa. Hata friji inajaa."

Wivu haukumtoka, jamani. Ulipungua makali tu.

Jioni ile alibeba gitaa, akaenda saluni. Mdogo wake alikuwa akifagia nywele. Hawakukumbatiana. "Ninyoe kwanza, haya mabaka yamenichosha," akasema. Aliponyolewa, wakapiga ule wimbo wao. Ilipofika zamu ya solo, akasimamisha vidole makusudi. Besi ikaenda peke yake. Kinyozi akasubiri, akasubiri, akainua macho.

"Umenikosa?" kaka akauliza.

"Nimekukosa, kaka. Rudi, bwana."

Akarudi. Wakawa wanapiga pamoja kila Jumapili, mpaka mapafu yalipokataa kabisa. Risasi alifariki wiki iliyopita, akiwa amenyolewa vizuri.

Tunampa pole mkewe, binti yake, dada yake na mdogo wake kinyozi. Nawe msikilizaji, kama yupo uliyemnunia kwa ajili ya neno moja, muulize alikuwa na maana gani. Muulize angali anaweza kukujibu.

Kinyozi tunaye hapa studioni, na besi yake mapajani. Tumemwomba apige ule wimbo. Tukamwambia, pale penye solo aparuke, aende moja kwa moja kwenye kiitikio. Amekataa katakata.

"Pale ni pake," anasema. "Mwacheni akae."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, hapo katikati mtasikia pengo. Msiziguse redio zenu. Hazijaharibika.