Kanuni ya Kumi na Moja ya Bi Mufarikhah binti Kasan Dahlan (1974–2024)

Usiku wa kuamkia leo, Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, Bi Mufarikhah binti Kasan Dahlan alilala katika wodi ya wanawake mjini Wonosobo, macho wazi, akiutazama mlango. Pembeni yake alikaa mdogo wake, Bi Maesaroh, akiutazama mlango huohuo. Walikuwa wakingoja habari kutoka shuleni, kama mtoto wa pekee wa Bi Mufarikhah, Nailul Izzah, ataruhusiwa kutoka aje kumwona mama yake. Bwana Kasbun, mume wa Maesaroh, alikuwa amepanda mlimani kwa pikipiki tangu baada ya isha. Kila viatu viliposikika ukumbini Maesaroh aliinuka. Kumbe ni muuguzi. Kisha muuguzi tena. Kisha mtu anayeuliza maji ya moto yanapatikana wapi.

Saa kumi na dakika kumi alfajiri, Bi Mufarikhah alifariki dunia. Ruhusa ilikuwa haijapatikana.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Mei 1974 katika kijiji cha Sendangwangi, ubavuni mwa mlima Sindoro, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kasan Dahlan, mkulima wa viazi na tumbaku, na marehemu Bi Rukiyah. Alipotimiza miaka saba alikabidhiwa kulinda chungu cha wali, na tangu siku hiyo hakuna aliyefunua kifuniko kabla ya wakati. Siku moja baba yake alirudi kutoka shambani njaa inamuuma, akanyoosha mkono. Mtoto akampiga mkono kwa mwiko.

"Bado, Baba."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Farikhah," alimwita mkewe, "huyu mwanao atakuja kuwa askari magereza."

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1980 hadi 1986. Baba yao aliweza kumsomesha mtoto mmoja tu zaidi ya hapo, na akamchagua Mufarikhah kwa sababu hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Maesaroh, mdogo kwa miaka mitatu, alibaki na viazi. Marehemu alikwenda chuo cha bweni huko Magelang, akahitimu mwaka 1993, akiwa amekwisha kuhifadhi Kurani yote. Kila mwezi alimwandikia mdogo wake barua, na chini ya kila barua aliandika maneno matano ambayo Maesaroh alitakiwa kuyanakili mara ishirini na kuyarudisha. Yaliyokosewa yalirudi yamezungushiwa wino mwekundu. Maesaroh alilia, akanakili tena. Kama leo anaweza kuandika karatasi hii, ni kwa sababu ya wino huo.

Mwezi Julai 1995 aliajiriwa katika shule ya binafsi ya Wafaul Ahdi, wakati huo ikiwa na madarasa matatu ya mabati, chini ya Kiai Mahsun, shehe na mwanzilishi wake. Mwaka 2003 alikabidhiwa ofisi ya familia, na mwaka uliofuata akatunga Kitabu cha Familia ambacho wengi mliopo hapa mmekisaini. Aliamini kwamba shule haiwezi kumlea mtoto ambaye nyumbani kwake hakuna anayemlea. Kwa hiyo kanuni zake ziliwabana wazazi kabla ya kuwabana watoto. Geti hufungwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baba huja mwenyewe kuandikisha mtoto wake. Mzazi hamsemi mwalimu vibaya mbele ya mtoto. Anayeleta tempe za kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachushwa, kwa mwanawe, alete za chumba kizima. Familia ile pamoja angalau mara moja kwa siku, hata kama ni mboga na chumvi.

Mfanyabiashara mmoja wa Semarang aliwahi kumtuma dereva na bahasha ya vyeti. Bi Mufarikhah aliifungua, akasoma, akauliza, "Wewe ndiye baba yake?"

"Hapana, Bi. Mimi dereva."

"Aa. Basi mtoto tutamwandika kwa jina lako. Unaitwa nani?"

Kesho yake yule tajiri alifika mwenyewe, suruali imejaa tope hadi magotini.

Mwenyewe hakujihurumia. Mwaka 2010 pikipiki yake ilipata pancha, akafika dakika nne baada ya geti kufungwa. Mlinzi, Mzee Sarmidi, alikimbilia kufuli. Bi Mufarikhah akamkataza kwa mkono. Alisimama nje kwenye mvua pamoja na wanafunzi waliochelewa mpaka kengele ya mapumziko.

"Bi, hata wewe?" watoto walimcheka.

"Hata mimi. Sogea huko, nipe mwavuli kidogo."

Kanuni ya kumi na moja ndiyo inayomhusu kila mtu hapa leo. Wanafunzi wanaomaliza kuhifadhi huingia Nyumba ya Kukamilisha, ile yenye vyumba sita nyuma ya msikiti, kwa siku arobaini na moja. Komeo liko ndani, mkononi mwa mtoto mwenyewe. Mwalimu humsikiliza kupitia kidirisha. Siku ya arobaini na moja, mzazi aliyesaini huja mlangoni, hutoa salamu mara tatu, na mtoto hufungua. Kabla ya hapo habari ya ugonjwa haipelekwi. Habari ya kifo hupelekwa. Mtoto hatolewi kabla ya siku yake bila karatasi ya mzazi huyo au ruhusa ya Kiai.

Kanuni hii ilikazwa mwaka 2012, baada ya familia moja kuleta habari kwamba bibi yao amefariki, wakamchukua kijana wao. Jumapili ya wageni iliyofuata yule bibi alifika kwa miguu yake, kikapu cha tempe kichwani. Kumbe kijana alikuwa ametolewa kwenda kwenye harusi. Walimu walicheka wiki nzima. Bi Mufarikhah hakucheka. Tangu hapo kila mtoto aliyeingia mle alimshika mabega, akamwambia, "Watu watakuja na maneno. Usifungue kwa maneno ya mtu. Fungua kwa sauti ya aliyesaini."

Mwaka 2016 Bwana Turmudi wa Kalijaran alikuja getini kumwombea binti yake ruhusa, kwa kuwa mkewe alikuwa akivuja damu. Kiai alikuwa Makka. Turmudi alisaini karatasi, lakini saini iliyokuwa katika Kitabu ni ya mkewe. Bi Mufarikhah alimkaribisha, akampa chai, akamrudisha. Mke alifariki siku ya thelathini na tisa ya binti mle ndani. Marehemu hakuifuta kanuni. Ila kila Ramadhani tangu mwaka huo alipeleka futari Kalijaran mwenyewe, akaiweka kizingitini, akaondoka bila kubisha hodi. Leo asubuhi Bwana Turmudi alikuwa wa kwanza kufika makaburini, jembe begani. Maesaroh alimwomba amsamehe dada yake.

"Chai ile sikuinywa," alisema. Akaendelea kuchimba.

Marehemu aliolewa Ijumaa tarehe 9 Juni 2000 na Bwana Mukhlasin, mwalimu wa hesabu katika shule hiihii, mtu mpole aliyependa kumtania kwamba amemwoa mlinzi wa pili wa geti. Walikaa miaka tisa bila mtoto. Nailul Izzah alizaliwa tarehe 3 Agosti 2009. Usiku ule baba yake alizunguka kijiji kizima akiwaamsha watu awape habari, na mkewe akamkemea kwamba saa za wageni zimekwisha. Bwana Mukhlasin alifariki mwaka 2017 kwa ugonjwa wa ini. Tangu hapo katika Kitabu cha Familia, jina la Izzah lilibaki na saini moja tu.

Izzah aliingia Nyumba ya Kukamilisha Jumapili tarehe 8 Septemba 2024. Mama yake alimshika mabega kama alivyowashika watoto wa wenzake, akamwambia maneno yaleyale. Kisha akaongeza, "Siku ya arobaini na moja utanisikia mimi." Siku hiyo ni kesho.

Shinikizo la damu lilimpata marehemu mwaka 2019, naye alilificha, akaendelea kula samaki wa chumvi. Jumatatu iliyopita, tarehe 14, alianguka ofisini akiwa na kalamu mkononi. Ni kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na ulimi pia. Kiai alikuwa safarini Surabaya, akaambiwa tu kwamba Bi Mufarikhah amelazwa apumzike. Siku mbili zilipita bure. Zilipita kwa sababu Maesaroh naye alikuwa mtu wa kanuni za dada yake. Aliogopa kwamba dada akipona atamuuliza kwa nini alimsumbua mtoto zimebaki siku chache hivi. Hilo Maesaroh hamsingizii mtu mwingine.

Jumatano usiku daktari aliposema hakuna la kungoja, ndipo Kasbun alipopanda mlimani. Getini alimkuta Mzee Sarmidi.

"Sarmidi, fungua. Mama yake Izzah anakata roho."

"Lete karatasi, ndugu yangu."

"Mkono haushiki kalamu, nikuletee karatasi gani?"

"Basi kidole gumba. Kidole tu. Mwenyewe aliniambia, 'Midi, hata nikija mimi nalia, usifungue bila karatasi.' Akipona akasikia nimefungua, nitaweka wapi uso?"

"Na asipopona?"

Sarmidi alimpitishia chai kwenye nondo za geti. Simu ya Kiai, aliyekuwa ndani ya treni akirudi, haikupatikana, na Kasbun akabaki palepale kumsubiri.

Saa tatu usiku ujumbe wake ulimfikia Maesaroh wodini: wanataka kidole gumba. Maesaroh aliazima kidau cha wino wa mhuri kwa muuguzi. Akaandika karatasi kwa mkono wake, akaisoma kwa sauti, akaushika mkono wa kushoto wa dada yake, ule uliokuwa bado na uhai.

"Dada, ni kwa ajili ya Izzah. Aje akuone. Nipe kidole."

Bi Mufarikhah alimtazama. Kisha akakunja ngumi, kidole gumba ndani.

Maesaroh alijaribu tena saa tano, akajaribu saa nane. Ngumi haikufunguka. Kama alikataa, au kama ni ugonjwa uliomkunja, hakuna ajuaye. Daktari ameulizwa, amesema yote mawili yanawezekana. Asubuhi, walipomwosha, kiganja kilifunguka chenyewe.

Habari ya kifo ilipofika, Mzee Sarmidi alifungua geti mwenyewe huku analia, kwa kuwa kanuni sasa iliruhusu. Saa moja asubuhi Maesaroh alipiga magoti kwenye kidirisha.

"Izzah, mwanangu. Ni mimi, mama yako mdogo."

"Mama mdogo! Umekosea siku. Leo ya arobaini."

"Fungua, mwanangu."

"Aliyesaini ni Mama."

"Mama yako amefariki alfajiri hii."

Mtoto alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuonywa.

"Mama alisema mtakuja. Hata wewe, Mama mdogo? Ni harusi ya nani safari hii?"

Maesaroh alimwapia. Kiai Mahsun alifika kutoka stesheni, akaapa naye. Kicheko kilikoma. Baada ya hapo mtoto hakujibu tena mtu yeyote, akaanza kusoma juzuu ya mwisho kwa sauti kubwa, bila kupumzika. Kiai amekataza mlango usivunjwe.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Nailul Izzah. Mdogo wake, Bi Maesaroh, na shemeji yake, Bwana Kasbun. Watoto watatu wa mdogo wake. Na familia mia nne na kumi na mbili zilizosaini Kitabu chake. Kama kuna ambaye marehemu alimrudisha getini akiwa na haki, familia inamwomba msamaha hapa, mbele ya jeneza. Ataswaliwa baada ya adhuhuri katika msikiti huu, hatua thelathini kutoka Nyumba ya Kukamilisha. Mwenyezi Mungu ampokee, asimsimamishe langoni.

Kabla ya kuliingiza jeneza msikitini, Kasbun alilipitisha mbele ya mlango wa mtoto, akatoa salamu mara tatu. Ilipotimia saa tano na robo, karatasi hii ikipelekwa kupigwa chapa, komeo lilikuwa bado limefungwa, na sauti ya Izzah ilikuwa bado inasoma.