Mwiteni Lammert Anibebe

Sikilizeni, wanangu, na wewe Derk zima hiyo redio, maana sina pumzi ya kushindana nayo. Mimi mama yenu Berendina sina mengi. Nyumba na ng'ombe ni vya Derk, aliyeamka nao alfajiri miaka yote. Kabati la shuka za kitani ni lako, Aleida, na ukiwaachia wajukuu wapangusie meza nitakutokea ndotoni. Shamba la mpakani, lenye mtaro unaotutenga na kina Lammert, msiliuze wala msiligombanie, kwa kuwa limekwisha kugombaniwa likatosha.

Hilo ndilo lililonifanya niwaite. Jana niliwasikia jikoni mkinong'onezana habari za gari la mazishi kutoka mjini. Gari! Mimi gunia la viazi? Mimi nitabebwa na jirani wa kwanza, kama walivyobebwa watu wa Twente hii yetu ya Uholanzi kabla ujinga haujatuingia.

Ninyi ujirani ule hamkuujua, na moyo unaniuma kwa hilo. Nyumba iliyo karibu nawe ndiyo iliyokupokea duniani, na ndiyo iliyokutoa. Nilipozaliwa, Mzee Harmen, baba yake Lammert, alivuka mtaro na mkewe wakiwa wamebeba begani mkate wa zabibu kavu, mrefu hata ukahitaji watu wawili. Baba yangu hakuchoka kunitania kwamba mkate ule ulinizidi urefu na uzuri. Kila Desemba baba alipuliza baragumu la mti juu ya kisima chetu, Harmen akamjibu kwenye kisima chake, nasi watoto baridi ikitung'ata masikio tukabishana nani kavuma zaidi. Bibi alipofariki, mke wa Harmen ndiye aliyemwosha, na Harmen akapita nyumba kwa nyumba kutangaza, kisha akambeba. Sisi kazi yetu ilikuwa kulia tu. Loo, nimeikumbuka siku ile kuliko sikukuu nyingi!

Ndipo ikaja ile asubuhi ya vita. Nilikuwa nikikamua na mama tulipoisikia ndege ya mabomu ya Waingereza ikirudi kutoka Ujerumani, bawa moja linawaka, ikapita juu ya paa letu, ikaanguka mpakani, kichwa upande wetu, mkia upande wa Harmen. Hakupona hata mmoja. Vijana watupu, wanangu! Mmoja alivaa soksi zilizofumwa kwa mkono, na mama alipoziona akasema, "Kuna mama mwenzangu huko alikaa akazifuma hizi," akajifunika uso kwa aproni.

Wajerumani walipofika na lori lao, baba akavua kofia, akamwambia mkubwa wao kwamba kwetu maiti haipakiwi kama kuni. Aliyefia shambani mwako ni jirani yako, nasi tutawabeba mpaka makaburini. Ajabu, yule bwana akakubali. Wabebeni, akasema, lakini upesi. Mngedhani yamekwisha. Thubutu!

"Nitatangulia mimi," baba akasema. "Vichwa vyao viko kwangu."

"Mkia ndio uliogusa ardhi kwanza," Harmen akajibu. "Kwangu ndiko walikopiga hodi. Jirani wa kwanza ni mimi."

"Harmen, usinivunjie heshima mbele ya wafu."

"Heshima gani, na mtaro wenyewe kila mwaka unausogeza?"

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Askari walicheka hadi wakashika mbavu, na mkubwa wao alipochoka kucheka akaamuru vijana watupwe kwenye lori. Wakaenda. Wale wazee wawili wakabaki wamesimama, huyu huku, huyu kule, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Ni wewe." Hawakusemezana tena mpaka kufa kwao. Harmen alipozikwa, tulisikia kengele ya kanisa nasi tukaendelea kumenya viazi, mama machozi yakimdondokea bakulini. Baba naye alibebwa na watu wa mbali.

Mimi na Lammert tulirithi kununa kama watu wanavyorithi shamba. Na alikuwa rafiki yangu, jamani. Tuliteleza pamoja kwenye barafu ya malishoni, akinivuta kwa skafu yangu. Kila mwezi wa Mei tunapeleka maua kwenye makaburi ya wale vijana, yeye upande wake, mimi upande wangu. Mwaka huu alinipita, akasema bila kunitazama, "Dina, sasa sisi nani atatubeba?" Nikainama, nikaendelea kupanga maua yangu.

Basi jibu langu ndilo hili. Derk, nenda sasa, ningali hai. Usipige kengele ya mlango wa mbele, huo ni wa wachungaji na watoza ushuru. Ingia kwa mlango wa jikoni, anakoingia jirani. Mwambie... ngoja, nipeni maji.

Mwambie Berendina anakufa, na jirani yake wa kwanza ni yeye. Akiuliza nani atatangulia, mwambie... atangulie yeye. Atangulie tu. Ninyi fuateni, mlie.

Aleida, nishike mkono. Huo mwingine. Mungu awabariki, wanangu... msife penye wageni. Afadhali jirani aliye karibu... mnaujua mstari wenyewe wa Mithali.

Derk, bado umekaa?