Uvumilivu wa Dada Chuma, Kama Nilivyouona Mimi

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa mwashi na mshona nguo. Kamati ya mazishi ilinipa mimi, mdogo wake, kazi ya kuandika wasifu huu, pamoja na sentensi moja waliyokwisha kuiandika wenyewe: "Mateso ndiyo yaliyomjenga." Nimeigeuzageuza sentensi hiyo siku tatu na bado siiamini.

Alipokuwa na miaka tisa, sufuria ya maji ya moto ilimmwagikia mkono na bega. Wakubwa walisimulia kwamba hakutoa hata chozi, wakampa jina la Chuma. Mimi nilikuwa na miaka sita na tulilala chumba kimoja. Alilia wiki nzima uvunguni mwa kitanda, shuka mdomoni, asije akaharibu sifa zile. Na wema wake, unaosemwa kwamba ulitokana na maji yale, ulikuwepo tangu zamani. Yeye ndiye aliyenifungia kamba za viatu na kunikinga na makofi ya kaka mkubwa.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, akiwa wa pili darasani. Mwaka huohuo baba alianguka kazini akafariki, na masomo ya dada yakaishia hapo. Watu husema jambo hilo lilimfunza unyenyekevu. Mwenyewe aliniambia lilimfunza kuwaonea wivu wenye sare.

Mwaka 1980 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akadumu humo miaka thelathini na sita. Mashuka aliyoyakunja yalinyooka kiasi kwamba wauguzi waliitambua zamu yake. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na dereva wa lori. Sherehe ilichelewa saa nzima, maana bibi harusi alimvua mwenzake shati mlangoni ili alipige pasi upya. Alisema, "Shati hili limepigwa pasi na adui." Aliyelipiga pasi alikuwa mama mkwe, naye alikuwa amesimama papo hapo. Waliishi vizuri hata hivyo, hadi shemeji alipofariki mwaka 2003.

Mei mwaka jana tumbo lilianza kumuuma. Alinyamaza miezi kumi na moja, na sisi tuliomwona akijishika ubavu tukamsifu, tukisema mvumilivu hula mbivu. Daktari alipomuuliza kwa nini hakuja mapema, alijibu, "Nilizoea kusifiwa, daktari. Nikaona aibu kuumwa." Tuliambiwa uvimbe ule ungeweza kutolewa ungali mdogo. Nilikuwa nimekaa kando yake, na nilijichukia. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023.

Sisemi shida haimfunzi mtu kitu. Huenda inamfunza. Ila naishuku sana inaposifiwa na wasioumia.

Marehemu ameacha kaka mmoja, wadogo wawili, wajukuu wawili na binti yake wa pekee, aliyekaa pale mbele. Tangu juzi kila anayempa mkono anamwambia, "Jikaze, wewe ni mtoto wa Chuma." Mimi mjomba wake namwambia mbele yenu nyote: mwanangu, mama yako aliumia, na aliogopa. Lia utakavyo, na ukiumwa, sema siku hiyohiyo.

Dada yetu apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna wa kumwambia avumilie.