Mikono ya Tak Gwang-sik

Tak Gwang-sik, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Gunsan, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Alisoma hadi darasa la sita, akaacha baba yake alipofariki. Kusoma alikupenda, kunyamaza darasani ndiko kulikomshinda.

Mwaka 1969 alihamia Daejeon, akajifunza kusugua wateja kwenye hamamu, kazi aliyoifanya hadi 2016. Mtaa mzima ulilala kifudifudi mbele yake, naye hakumwacha mtu salama. "Bosi, nongo hii ni ya tangu mwaka jana! Ulikuwa unamtunzia nani?"

Mwaka 1976 alimwoa Ma Ok-bun, aliyekuwa akiuza tiketi mlangoni pa hamamu hiyo. Kila Jumapili alimsugua mkewe mgongo, hata wakiwa wamenuniana. Siku hizo alisugua kwa nguvu zaidi.

Novemba 2018 aliwekewa goti la bandia. Upasuaji ulikwenda vizuri. Bi Ok-bun alilala kwenye kitanda kifupi kando yake, kama wake wengine wodini. Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee asiye na ndugu wa kumuuguza. Siku moja Bi Ok-bun alirudi na maji ya moto, akamkuta mumewe kwa jirani, anamsugua mgongo.

"Baba Eun-suk! Na huo mshono?"

"Limeshonwa goti. Mikono mizima."

Wodi ilicheka. Wiki hiyohiyo jirani alihamishiwa chumba cha kutengwa: alikuwa na bakteria sugu. Kisha goti la Mzee Gwang-sik likaanza kutoa usaha. Daktari alisema hakuna awezaye kujua bakteria hao waliingilia wapi; hospitalini wana njia nyingi. Dawa ilibadilishwa, ikabadilishwa tena. Ya mwisho iliharibu figo zake, bakteria wakabaki palepale.

Naye akatengwa. Kila aliyemgusa alivaa glavu.

"Mama Eun-suk, vua hayo madude. Nisugue kama watu."

"Wamekataza."

"Kwani wewe mke wangu au wa daktari?"

Bi Ok-bun alicheka, hakuvua. Alitaka sana kuvua. Alimwogopea mjukuu wake mchanga, aliyekuwa akimngoja nyumbani. Mzee Gwang-sik alifariki alfajiri ya tarehe 17 Januari 2019, mkono wake ukiwa umeshikwa na glavu ya mkewe.

Bi Ok-bun hajalia. Anasema hahisi chochote, chakula hakina ladha, na watu wanamsemesha kama walio chumba cha pili.

Jana, kabla jeneza halijafungwa, sote tulipewa glavu. Bi Ok-bun alizivua zake, akapitisha kiganja kitupu mgongoni mwa mumewe, chini ya sanda, toka begani hadi kiunoni, taratibu. Hakuna aliyemzuia. "Safi," alisema. Kisha akanawa kwa sabuni, kama alivyoelekezwa.

Mzee Gwang-sik ameacha mjane, Bi Ma Ok-bun. Watoto wawili, Eun-suk, anayesoma haya, na Jae-hwan. Na mjukuu mmoja, Da-on.

Pumzika kwa amani, Baba. Huna nongo tena.