Shati Lililompwaya Philemon

Philemon, zima hiyo televisheni. Godbless, weka simu mfukoni, basi lako litaendeshwa na mwingine leo. Na wewe Haika, mjukuu wangu, usisimame mlangoni kama mgeni. Njoo ukae hapa kitandani, miguuni kwangu, maana Kiswahili unakielewa chote hata kama majibu yako yote ni Kiingereza, na haya ninayotaka kusema nataka uyasikie kwa masikio yako, usije ukahadithiwa. Kamwite na mama yako jikoni. Mwambie chungu kikiungua kiungue. Siwezi kuanza bila yeye, kwa kuwa maneno haya ni yake kuliko yenu, na nikingoja kesho huenda pumzi ikanikatalia.

Haya. Hemali, mwanangu, kaa. Si kwenye kiti kile cha mbali. Hapa karibu.

Ya mali nitayamaliza upesi, maana si mengi na hayanisumbui. Nyumba ya Machame pamoja na kihamba chake, lile shamba la migomba linaloizunguka, ni ya Godbless, kwa sababu yeye ndiye kitinda mimba, na kwetu Wachagga nyumba ya mama humfuata wa mwisho. Philemon alishapewa sehemu yake kule juu karibu na mfereji, baba yenu akiwa hai, na nisisikie huko niendako kwamba mtu ameanza kupima mipaka upya. Vyombo vyangu vilivyobaki Croydon wapeni watu wa kanisani. Cherehani sijaitaja. Nitaitaja.

Sasa sikilizeni. Wiki zote hizi mmeniona nageukia ukutani mkadhani ni maumivu. Maumivu yana dawa, nesi hunipa. Nilikuwa nageuka kwa sababu naona haya kumtazama usoni huyu mke wa Philemon akininywesha uji kwa kijiko, na kila kijiko kilishuka na aibu yake. Mimi Elieshi, niliyekuwa nikisema mbele za watu kama mtu asiyejua kukosea, nakufa na aibu, na sitaki kuzikwa nayo.

Mnajua kushona nilifundishwa na mama yangu, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mshono hula kitambaa. Kwa hiyo pateni, ile karatasi ya kukatia nguo, ikishalazwa juu ya kitambaa, ongeza upana wa kidole kimoja pembeni pote ndipo ukate, na fundi asiyeongeza kidole hapati mteja wa pili. Nikalishika neno hilo kuliko nilivyoshika katekisimu. Nilipokuja huku Landani nikaingia kazi ya kuwahudumia wazee wa watu, kuwageuza na kuwaogesha, cherehani ikalala miaka mingi chini ya kitanda, na kama si Hemali ingelala mpaka leo. Ndiye aliyenifungulia mlango nilipostaafu. Alinionyesha kwenye simu yake akina mama wanaochora pateni za nguo wakiwa nyumbani kwao, si wenye viwanda, mmoja yuko Wales na watoto wake wadogo, mwingine yuko Leeds, kila mmoja na mtindo wake, wanaziuza kwenye mtandao, na picha zao zina wanawake wenye matumbo na makalio kama sisi. Siku yangu ya kuzaliwa akaninunulia moja ya shati la mwanamume, akaichapa ukurasa kwa ukurasa, tukapiga magoti sebuleni hapa, mimi na yeye na Haika akiwa bado mdogo, tukaziunga karatasi kwa selotepu mpaka zulia halikuonekana. Nilifurahi siku ile. Nataka mjue kwamba nilifurahi, ndipo mtakapojua nilichokuja kukiharibu.

Maana nilipochukua chaki nianze kuongeza kidole changu, Hemali alikuwa ameshika karatasi ya maelezo, akaniambia kwa kile Kiswahili alichorithi kwa mama yake, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, "Mama, huyu mama ya Wales nasema nafasi ya mshono iko ndani tayari. Usiongeze."

Nikamwambia, "Wewe ndiye utakayenifundisha mimi kushona?"

Akaikunja ile karatasi. Nami nikaongeza kidole juu ya kidole, nikashona, na shati likampwaya Philemon. Mabega yalishuka, ubavuni ungeweza kumtia mtoto mwingine. Mwenye akili angelaumu mkono wake mwenyewe, lakini nyani haoni kundule, na mimi niliutazama ule upana nikasema mwanangu amekwisha. Kwa nini amekwisha? Kwa sababu mke wake ni Mhindi wa Southall asiyegusa nyama. Nikashona la pili, likapwaya vile vile, nikawa na ushahidi wangu. Na wewe Godbless uliniponza, maana nguo nilizokushonea zilikukaa sawasawa, nikasema huyu asiye na mke anakula, kumbe lilikuwa tumbo lako tu. Cheka, mwanangu. Nilitaka mcheke kidogo kabla sijaendelea.

Pasaka ile, ibada ilipokwisha, tulikuwa ukumbini na chai. Hemali, ambaye dini ile si yake, alikuwa anazungusha sinia la bajia alizokaanga mwenyewe kwa ajili yetu. Philemon akapita na shati lake. Mimi nikapaza sauti, wanawake wote wakasikia, nikasema, "Mtazameni mwanangu. Nilimtoa kwangu ana mwili, sasa amebaki hanga la kutundikia nguo. Huyu mwanamke ananilishia mtoto dengu mpaka ataniletea maiti." Nilisema maneno hayo, kwa kinywa hiki, ndani ya nyumba ya Mungu. Watu wakacheka. Hemali alikuwa nyuma yangu hatua moja, na Kiswahili anakijua. Hakuliangusha sinia. Alimaliza kuzungusha, na mimi pia akanipa bajia, nikaichukua nikaila.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nyinyi wenyewe niliwaimbia methali hiyo mkiwa wadogo. Kabla ya jioni habari ilikuwa Moshi kwa simu, na mashangazi zenu wakampa Philemon jina la Dengu, na Godbless ukalichukua jina hilo ukamwita nalo ndugu yako mbele ya mkewe, na mimi nikakuacha. Mama yake Hemali, Indu, aliacha kuja kwangu. Nilisema ana maringo. Alikuwa anajua mwanawe ametukanwa, basi.

Baadaye mashati yakaanza kumkaa Philemon. Nilishona jingine na jingine, yote yakamkaa vizuri, na gauni za Haika pia. Mnakumbuka nilivyojisifu? Nilipiga simu nyumbani nikasema, ulimi wa mama ni dawa, tangu nimseme mwanamke yule mwanangu ameanza kunona. Nilijisifu hivyo miaka, wanangu, miaka, na Hemali ananipikia.

Na lile la sare ndilo baya zaidi, kwa sababu la kanisani nilisema kwa ujinga, lakini la sare nililifanya kwa makusudi. Tulipokwenda Machame kuweka msalaba kwenye kaburi la baba yenu, niliwashonea sare wanawake wote wa ukoo, kile kitenge cha bluu chenye maua ya njano, na Hemali nilimwambia kitambaa kimekwisha. Alizunguka huku na huko, wanawake wote wakiwa wamevaa bluu, yeye na gauni lake la kijivu. Ndiyo maana hayumo kwenye picha ile ukutani. Wakati wa kupiga picha aliichukua kamera mwenyewe kabla hajaambiwa asogee pembeni. Kitambaa hakikuwa kimekwisha. Kipo. Fungueni sanduku langu, chini kabisa, chini ya shuka, mtakikuta kimekunjwa vile nilivyokikunja.

Haika, nipe maji. Kidogo. Basi.

Nilipoletwa hapa kuugua nikatafuta kazi ya mikono, nikaomba shati la Philemon lililokatika kifungo, lile la kijani. Nikaligeuza ndani nje. Pembeni ya mshono wangu wa cherehani, ndani yake, nikaona mshono mwingine wa mkono, vishono vidogo kama punje za ulezi, umeshuka kuanzia kwapani hadi chini, na umepita kidole kimoja ndani ya ule wangu. Kidole kimoja kamili. Nikaomba shati jingine, nikasema naangalia vifungo. Jingine vile vile. Gauni la Haika, vile vile. Nikamwambia Haika anitafutie ile karatasi ya mama wa Wales, akanisomea, akanieleza kwa Kiingereza chake taratibu kwamba nafasi ya mshono imo tayari, mtu asiongeze kitu. Philemon, nilipokubana ukaniambia ulitaka kusema tangu mwanzo, na mke wako ndiye aliyekukataza, akasema mama asiaibishwe.

Kwa hiyo hakuna aliyewahi kukonda, na hakuna aliyewahi kunona. Kulikuwa na mwanamke anayerudi kazini na treni yake, anakaa na sindano kupunguza nguo nilizoziharibu, ili mume wake anivalie nifurahi, nami nifurahi kwa kumtukana. Alishona kwa mkono kwa sababu cherehani yangu nilimkataza kuigusa. Wanangu, nimeoga kwa mikono yake, nimegeuzwa kwa mikono hiyo kama nilivyokuwa nikiwageuza wazee wa watu, na sijui niifiche wapi sura yangu.

Godbless, mche ule dirishani, ulioninunulia sokoni wewe ukidhani ni pambo, kama alivyodhani aliyekuuzia, ndio mti wetu wa isale. Kata jani moja. Hemali, kwetu mtu akikukosea kosa kubwa hukuletea jani hili limefungwa fundo, na ukishaletewa ni vigumu kulikataa. Lakini wewe si Mchagga, hufungwi na jani letu, na ukitaka kulikataa sitakulaumu. Nifungie fundo, Haika, vidole vyangu haviwezi tena. Hivyo. Hemali, nimekukosea. Si kwa siri nilikukosea, ndiyo maana nimewaita hawa.

Ahsante kwa kulipokea, mwanangu. Usilie. Au lia, una haki. Jani la pili mpelekee mama yako Indu, umwambie Elieshi angekuja kwa miguu kama angeweza.

Sasa maagizo. Jina la Dengu life leo. Godbless, wewe ndiye utakayewapigia simu mashangazi na kuwaeleza kwa nini, neno kwa neno, usipunguze. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kusema ni yeye. Cherehani ni ya Hemali. Pateni zote ni za Haika, na kile kitenge akikate yeye, amshonee mama yake sare kabla sijazikwa, aifuate karatasi ilivyochorwa, asiongeze kidole. Wanawake wote wavae sare zao zile zile za bluu, na picha ipigwe na mwanamume. Ile ya ukutani ishusheni.

Bado moja. Nivumilieni, sauti inakwenda.

Gauni langu la kuzikiwa nilishalishona, jeupe, kwa pateni ya yule mama wa Leeds. Liko mlangoni pale, kwenye hanga. Kidole niliongeza, nilikuwa sijajua. Na mwili wenyewe mnauona. Litanipwaya, wanangu. Watakuja kuniaga wanawake wale wale wa ukumbini, wataniona nimepotelea ndani ya nguo, wataulizana alikuwa analishwa nini, kwa nani. Mimi niliwafundisha kuuliza hivyo. Philemon, kabla ya sala, usimame useme mama alilishwa. Useme alilishwa dengu na uji, kwa mkono wa Hemali, na kilichommaliza ni ugonjwa. Useme kwa sauti kama niliyotumia mimi.

Mungu awalinde, Philemon na Godbless, mpendane. Haika, mikono yako iwe na baraka ya bibi yako wa Machame na ya bibi yako wa Southall. Hemali, ulichonifunika wewe, Mungu akufunike nacho.

Lileteni hilo gauni. Nataka lipunguzwe nikiwa hai. Ninyanyueni taratibu, Philemon upande huu. Hemali, chukua pini. Usifiche mshono safari hii, mwanangu, na uniambie nilipokosea. Anza na mabega.