Figa Nililobeba Mgongoni

Bwana asifiwe, hata kwa kinywa cha mtu wa darasa la pili kama mimi! Ndugu zangu, haya nimeyaandika kwanza nyumbani, maana nikisimama mbele yenu maneno hunikimbia. Mkiona nimeongeza chumvi, mnisahihishe.

Mnakumbuka tulivyohamishiwa kijiji hiki cha ujamaa. Sisi wa kule bondeni tulifuatwa na lori, na dereva akatuambia wazi, "Watu na vyombo tu. Mawe hapana!" Hakukosea, lori lilikuwa limejaa. Lakini mimi, mjane nisiye na mtoto, nilikuwa na kitu kimoja cha marehemu mama: figa la jikoni kwake. Nikalifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, nikapanda.

Mama Sabina alikaa ubavuni pangu. Hatukuwa tunajuana. Akasema, "Mtoto wako mpole, mwenzangu. Hata halii!" Sikumsahihisha; nikaikaza kanga, nikimwogopa dereva.

Tulipofika nikaliweka figa ndani, na watu hawakumwona mtoto tena. Mvua zikaanza, radi ikamuua ng'ombe wa Mama Sabina. Na kwetu Ufipa, ndugu zangu, radi haipigi bila watu kuuliza nani kaituma. "Yule mtoto wake asiyelia yuko wapi?" wakasema. Hakuna aliyekuja tena kuomba moto kwangu. Kwenye shamba la kijiji, tukila pamoja, ugali wangu ulirudi nyumbani mzima. Balozi wa nyumba kumi akaniita, akasema kwa upole, "Dada, watu wasipotulia, itabidi uondoke." Siwalaumu. Ningekuwa Mama Sabina, ningewaza hayo hayo.

Niende wapi? Kule bondeni nyumba ilikwisha bomolewa. Nililia mbele za Mungu: Baba, nifungulie njia! Jibu lililonijia lilikuwa la ajabu: libebe tena. Sijui kama alikuwa Roho au ukaidi wangu tu. Mniamulie ninyi.

Jumapili nikaja hapa hapa kanisani na figa mgongoni, nimelifunga vile vile. Watu wote wakageuka! Nikafungua kanga, nikaliweka chini mbele ya wote.

Mama Sabina akasogea. Akaligusa, akatazama kidole chake, kimejaa masizi.

"Jamani, ni figa! Figa la kupikia!"

"La mama yangu," nikasema.

"Na ukalibeba kutoka kule kote? We mwanamke, mgongo wako ni wa punda?" Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikageuka kilio. "Mimi yangu niliyaacha," akasema. "Kila nikiinjika chungu nayakumbuka."

Hofu ikanitoka siku ile, ndugu zangu, kama mtu aliyetuliwa mzigo! Si wote waliosadiki. Wapo waliosema figa laweza kuwa figa na bado likawa na mambo. Ni haki yao. Lakini jioni ile Mama Sabina alikuja kwangu na mawe mawili, moja kichwani, jingine kwapani. "Figa moja haliinjiki chungu," akasema, na tukapika.

Namshukuru Mungu. Nawe uliyefunga hofu mgongoni, mwamini Yesu, ifungue mbele zake. Mimi nilidhani nitakufa kwa aibu, kumbe nilipata jirani.

Sina la kuongeza. Maharage yako jikoni tangu asubuhi, juu ya mafiga yale yale. Ibada ikiisha, karibuni nyote, hata ninyi ambao bado mna wasiwasi. Mama Sabina ameahidi kuonja kwanza.