Uzito wa Okeyo Hauhami

Kijiwe cha mtaa wa Lindi, pale njia ya kwenda Ayany inapoanzia, kina benchi moja, birika moja la kahawa ya tangawizi na watu watatu wasiojua kushindwa. Kilonzo, anayeitwa Prof, alisoma chuo kikuu muhula mmoja na mpaka leo hajamaliza kuusimulia. Billy Ngoma hupiga ngoma kanisani. Mama Eddah huuza kahawa, na anayetaka kujua kilo zake humpandisha kwenye mizani yake. Jumapili hiyo wa nne alikuwa Okeyo, kedi, mbeba mabegi wa wachezaji kwenye uwanja wa gofu ng'ambo ya ukuta. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Ijumaa kocha wa uwanja huo alimsimamisha juu ya ubao wenye waya, akampigisha mipira kumi, kisha akamwonyesha kwenye kompyuta kwamba uzito haukuwa ukihamia mguu wa kushoto. Alhamisi angempima tena. Uzito usipohama, nafasi yake kwenye mashindano ya kutafuta mapro, wachezaji wa kulipwa, angepewa mwingine. Okeyo alijua sababu. Goti la kushoto lilikuwa likimchoma tangu Agosti, na hakuwa amemwambia mtu, kwa maana kedi anayechechemea hapewi begi.

— Mashine ilisema aje kabisa? Prof akauliza.

— Kulia sabini, kushoto thelathini. Hata nikimaliza kupiga.

— Hiyo imezoea wadosi wenye pesa zao, Billy akasema. Mdosi uzito wake uko kwa kitambi. Ikipata mtu hana tumbo inachanganyikiwa.

— Wacha mashine. Shida ni Lindi. Huyu ameishi kwa mteremko miaka ishirini, akienda kazini mguu wa kulia ukiwa chini. Uzito ni kama maji, Billy. Unashuka tu.

— Na akirudi nyumbani? Si ule wa kushoto ndio unakuwa chini?

Prof alikunywa kahawa kwanza.

— Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

— Tunaongea miguu, Prof.

— Mkono ni mguu uliosimama.

— Nyinyi hamjui kitu, Mama Eddah akasema. Moyo uko kushoto. Mguu wa upande huo unakanyaga polepole usiuamshe.

Okeyo alicheka, na kicheko kile kilikuwa na shukrani ndani yake. Maneno yalivyozidi kupaa ndivyo watu walivyosahau kutazama chini.

Lakini Billy alikuwa ameshatoka. Alirudi na mizani ya muuza vyuma vikuukuu, akaiweka sambamba na ya Mama Eddah.

— Panda, jaduong', mzee wangu. Kila mguu na mizani yake.

Okeyo alipanda. Alipewa mwavuli uwe fimbo, akauzungusha, akaganda mikono ikiwa juu ya bega. Prof na Billy walikuwa wamepiga magoti, kila mmoja akisoma mshale wa mizani yake.

— Kulia arobaini na sita.

— Kushoto kumi na tisa.

— Hiyo ya vyuma inaibia watu, Prof akasema. Badilisheni.

Wakabadilisha. Kulia arobaini na tano, kushoto ishirini.

— Imeiba kidogo tu, Prof akakubali kwa uchungu.

— Mtilieni unga kilo mbili kwa mfuko wa kushoto, Mama Eddah akasema. Mguu ukizoea mzigo utajibeba.

Wakatia. Okeyo akauzungusha mwavuli tena, jasho likimtoka usoni ilhali hakukuwa na jua.

Kando, kiatu kimoja mkononi, alisimama Wakarima, msusi aliyehamia Lindi juzi kutoka Kawangware. Alikuwa amekuja kupimwa kilo, akaambiwa angoje.

— Samahani, akasema. Kwani huo mguu wa kushoto unamuuma?

Prof alimtazama Billy. Billy alimtazama Mama Eddah. Walikuwa wameupima mguu ule saa nzima, na sasa walikuwa kama wazazi walioulizwa mtoto wao yuko darasa la ngapi wasijue. Okeyo alifungua mdomo aseme hapana. Badala yake akauegemea mwavuli.

Prof, bado amepiga magoti, aliikunja suruali ya Okeyo taratibu, mkunjo kwa mkunjo, mpaka goti likaonekana limevimba kama andazi. Hakutaja wahenga.

Billy aliinuka, akamsogezea bega.

— Shuka, akasema. Leta uzito huku.

Okeyo akauleta wote.